Yale mafunzo ya Jumamosi ya kuongea mbele ya viongozi pale Majengo, Mombasa: mia tano yangu ilifanya kazi, lakini yako mambo

Watu wameniuliza sana kama hiyo mia tano yafaa ama ni wale wale wa kupiga picha na kwenda zao, sasa wacha niandike mara moja nimalize, maana nikijibu mmoja mmoja cherehani italala.

Jina la waandalizi silitaji kwa sababu humu ndani ntawasifu na ntawasema, na sitaki kupigiwa simu usiku, lakini ukiwa Majengo ukiuliza wale wa bajeti wa Jumamosi utaonyeshwa mlango. Ni mafunzo ya mwezi mmoja, kila Jumamosi asubuhi mpaka baada ya adhuhuri, shilingi 500 kwa mwezi mzima, walipa kwa M-Pesa na risiti wapewa (nalitaja hili mapema, mafunzo ya haki za raia yasiyo na risiti mimi huyacheka). Wafundishwa kusoma bajeti ya kaunti, kuandika barua ya kudai habari ofisini, kusimama kwenye vile vikao vya maoni ya umma, na kumuuliza mheshimiwa swali bila matusi na bila magoti kugongana. Mimi ni fundi wa nguo, kiduka changu kiko Kisauni, sigombei kiti chochote, mnaonijua mwanijua. Kilichonipeleka ni mtaro.

Mtaro wa mtaa wetu ulianza kuchimbwa ukaachwa njiani, masika yakija maji yaingia mpaka chini ya meza ya kukatia, vitambaa vya watu navipandisha juu ya kabati. Na kila tukiuliza twajibiwa "iko kwa bajeti, akina mama, subirini". Bas tumesubiri. Kwenye kikao kimoja nilinyanyua mkono, maiki ikanipita ikaenda kwa kijana mwenye fulana ya kampeni, akashukuru viongozi kwa kazi nzuri mpaka watu wakaanza kutoka, tukapewa soda, tukarudi nyumbani. Kama mmewahi kukaa kwenye vikao hivo mwajua mwendo wake. Orodha ya mahudhurio yasainiwa, picha zapigwa, alafu karatasi ikienda juu yasema wananchi walishirikishwa.

Haya, mafunzo yenyewe.

Jumamosi ya kwanza ni sheria na nilijua tu ntasinzia. Sikusinzia. Anayefundisha ni binti wakili, mdogo tu, sauti ya chini, na hakuanza na hotuba ya haki zetu. Aligawa karatasi yenye tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti wafaa ufike bunge la kaunti usipite tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha, ile inayosema kila idara itapata kiasi gani, usipite 28 Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti, usipite 30 Aprili. Mwaka wa fedha waisha 30 Juni. Alafu akauliza, nyinyi mwaanza kupiga kelele mwezi gani? Ukumbi mzima kimya, maana sote twaanza Juni, wakati redioni wasoma bajeti, na wakati huo pesa zishagawanywa kitambo na wenye kujua walishaingiza vyao tangu Agosti. Wallahi kwa hiyo karatasi pekee mia tano yangu ilikua isharudi. Nimeibandika dukani ukutani karibu na bei za kushona, wateja wauliza ni ratiba ya nini.

Vifungu vya katiba alivipitisha haraka na alifanya vizuri, kwa sababu katiba ya 2010 kila mtu adai aijua. Kifungu cha 1 mamlaka ni ya wananchi, cha 35 ni haki ya kupata habari zilizoko serikalini, cha 37 ni kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa amani bila silaha, cha 196 bunge la kaunti lafanya kazi zake wazi na lashirikisha watu, cha 201 fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi. Alichokikalia zaidi ni ile sheria ya fedha za umma ya 2012, kwamba kila kaunti yafaa iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, na humo ndani kuna watu wasiokua wa serikali: wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee, watu wa dini. Akauliza nani anamjua anayewakilisha wanawake. Hakuna. Mama mmoja wa Changamwe akasema "labda ni mke wa mtu", tukacheka lakini si kicheko cha raha.

Jumamosi ya pili ndo watu waizungumzia sana na ndo ntaichambua kwa urefu, kwa sababu hapo ndo kuna bidhaa yenyewe.

Ya pili yaendeshwa na mzee mmoja mstaafu wa bandarini, alikua mambo ya chama cha wafanyakazi miaka mingi, na anazungumza kile Kiswahili cha mji kinachokufanya unyooke kwenye kiti. Alianza na mgomo wa Januari 1947, makuli, watu wa reli, wa mahotelini, mpaka maboi wa majumbani, maelfu ya watu wakaweka kazi chini na Mombasa ikasimama siku kadhaa. Akaeleza chama cha wafanyakazi, African Workers Federation, kilivotokea humo, na mkoloni alivounda baraza la kuchunguza mishahara na mishahara ikapanda, alafu mwaka huo huo akamkamata kiongozi wa chama, Chege Kibachia, akampeleka Baringo mbali na wafanyakazi wake. Baba yake mwenyewe alikua kuli. Akamtaja na Abdilatif Abdalla, kijana wa hapa hapa Mombasa, kwa karatasi aliyoiandika mwaka 1968 kuikosoa serikali akala jela miaka 3, na mle jela akaendelea kutunga mashairi. Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, naye akapita bila shaka, hakuna mafunzo ya Pwani yanayokwisha bila Mekatilili, lakini mzee hakumgeuza sanamu, alisema tu kwamba yule mama 1913 alizunguka nyumba za watu akicheza na kuongea kabla hajamkabili mzungu yeyote, kwa hivyo aliyesimama mbele ya mzungu hakua peke yake. Hapo akanyamaza akavuta kiti katikati ya ukumbi akavaa miwani ya jua.

Sasa yeye ndo mheshimiwa. Wewe wasimama wauliza.

Watu wazima tulitolewa jasho. Mzee amekaa vikao vingi vya hivi na anazijua hila zote, akishaona una swali zuri hakujibu, akuuliza lake. "Mama, kwanza wewe ni wa wodi gani? Kitambulisho chako chasema wapi? Mwezi uliopita kwenye usafi mbona sikukuona?" Ukianza kujitetea umekwisha, dakika zako mbili zimeenda kwenye kitambulisho. Ama akusifu, "dada yangu huyu ni mchapakazi namjua sana", na wewe waona haya kumuuliza mtu aliyekusifu mbele ya watu. Ama amwite msaidizi wake, "hebu chukua namba ya mama tutampigia". Hiyo ya kuchukua namba ndo kali kuliko zote maana watu wapiga makofi na wewe wakaa ukidhani umejibiwa.

Kuna bibi wa Likoni, mtu mzima sana, amekuja na mjukuu wa kumshika mkono. Zamu yake ilipofika akauliza habari ya zahanati, mzee akamrushia ile ya kitambulisho. Bibi akamtazama akamwambia, "Mwanangu, mimi nimeuliza dawa. Hayo ya kitambulisho utaniuliza nikimaliza, na nikimaliza ntakujibu." Mzee akavua miwani akasema darasa limekwisha, fanyeni kama bibi.

Lakini hakulimaliza, akatupa utaratibu, na huu ndo ntawapa bure ingawa mimi niliulipia: taja jina na mtaa, taja ukurasa wa karatasi unayoizungumzia, uliza swali moja tu, alafu usikae. Usimame pale pale mpaka ujibiwe. Na usiende peke yako. Mwagawana swali moja watu watatu, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma karibu na mlango, na hamkai pamoja wala hamsalimiani sana. Wa kwanza akizungushwa, wa pili akipewa maiki haulizi lake, asema tu "swali la dada pale mbele halijajibiwa". Wa tatu naye hivo hivo. Tuliifanyia mazoezi mpaka mzee mwenyewe kwenye kiti chake akachoka kukwepa akasema haya haya ntajibu. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama na nimeongoza harusi ngapi sijui, kuongea si shida yangu, lakini kusikia mtu nisiyemjua kutoka kule nyuma anarudisha swali langu, hicho kitu sikuwahi kukisikia mwilini.

Jumamosi ya tatu ni barua. Yachosha, lakini ndo iliyonipa matokeo, kwa hivyo msiikose mkadhani ni ya makarani. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016, kila raia aweza kuandikia ofisi ya umma aombe habari, kuwasilisha ombi hakulipiwi, na ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikaa kimya waenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya kupokea malalamiko juu ya ofisi za umma. Na barua yaweza kua Kiswahili! Imeandikwa kwenye sheria yenyewe, Kiingereza ama Kiswahili, na asiyejua kuandika afisa wa hiyo ofisi yampasa amsaidie kuandika. Darasani watu waligeukiana hapo, maana wangapi wameshindwa kuandika barua miaka yote kwa kuogopa Kiingereza cha ofisini.

Binti wakili akatufundisha na la kimtaani: nakala mbili kila mara, moja waiacha, ya pili wamwambia karani apige muhuri wa kupokelewa na tarehe, na hutoki mlangoni bila huo muhuri hata akwambie muhuri uko kwa bosi na bosi ameenda Nairobi. Kaa kwenye benchi. Nilikaa kwenye benchi. Barua yangu niliiandika kwa mkono, naomba orodha ya miradi ya maji ya mvua ya wodi yetu iliyo kwenye bajeti ya mwaka huu na kiasi cha kila mmoja. Siku zilipita, kimya, nikarudi na ile nakala yenye muhuri nikaiweka juu ya meza yao sikusema neno, na baada ya hapo jibu likaja, ukurasa mmoja tu. Mtaro wetu haumo. Hauko kwa bajeti na wala haukuwahi kuwekwa mwaka huo, yani tumesubirishwa na kitu ambacho hakipo.

Sasa hapo ndo uone tofauti. Zamani ningesema "watuongopea hawa" na ningekua mama wa Kisauni mwenye kelele. Sasa nina karatasi yao wenyewe.

Mafunzo yaisha kwa kwenda kikao cha kweli, sote pamoja, na hili nalipa nyota zake kamili. Tulijipanga watatu, mimi mbele. Nikauliza, mheshimiwa akasema hilo tutalifuatilia. Nikabaki nimesimama. Akasema mama kaa tafadhali, nikamwambia nangojea jibu mheshimiwa, kwa adabu zote. Maiki ikaenda katikati, "swali la dada halijajibiwa". Ikaenda nyuma, ile ile. Mpaka afisa wa fedha ikambidi afungue makaratasi yake mbele ya watu asome, akakiri haumo, na watu wakaanza kuguna, na mtu ambaye hatukumpanga kabisa, baba wa bodaboda, akasimama kuuliza na wa kwao je. Tukawasilisha maandishi, nakala mbili, muhuri. Mtaro sasa uko kwenye mpango wa mwaka unaofuata, nimeuona kwa macho yangu na ukurasa naujua. Kuchimbwa ni hadithi nyingine na masika hayangoji mpango wa mtu, kwa hivyo vitambaa bado viko juu ya kabati.

Niwaambie pia mjadala wa vijana kwa sababu ndo ulionifurahisha. Darasani kulikua na vijana wa chuo, na wao wa moto, na mmoja akasimama akasema mwatufundisha muhuri na benchi, sisi Juni 2024 tuliingia barabarani bila kiongozi na bila barua, tarehe 25 ikatokea ilivotokea, tarehe 26 rais akasema mswada wa fedha hausaini. Muhuri gani uliwahi kufanya hivo? Ukumbi ukachemka. Mzee wa bandarini hakumkatiza. Alimuuliza tu, na mswada wa kaunti yako mwaka huo uliusoma? Kijana akasema hapana. Mzee akasema haya, na mimi wakati nyinyi mwakimbizana na moshi nilikua nyumbani nimefunga mlango, kwa hivyo kila mtu ana lake la kujifunza. Nilimpenda hapo. Binti wakili akaingiza ya sheria, kwamba hata maandamano yana karatasi yake, taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla, na ni taarifa, si kuomba ruhusa. Kijana akasema polisi wenyewe waijua hiyo tofauti? Hakuna aliyekua na jibu zuri na sitajifanya nilikua nalo. Mimi naona wale watoto walifanya kitu ambacho sisi tuliowazaa hatukuthubutu, na wengine hawakurudi nyumbani, kwa hivyo mtu mzima akitaka kuwafundisha subira na aanze kwa kuwaheshimu.

Mfano walioutumia sana ni Owino Uhuru, na ni mfano mzuri kwa sababu ni wetu, mtu aweza kupanda matatu akaenda akaona. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa kijiji, moshi na maji yenye madini ya risasi yakaingia kwa watu, Phyllis Omido alikua mfanyakazi wa hapo na mtoto wake mchanga akaugua, akagundua sumu imepitia kwenye maziwa yake mwenyewe. Akaandika, akabisha milango, akaandamana na wanakijiji, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka. Niliona watu darasani wanyong'onyea kidogo, kwa sababu kila mmoja alidhani ujasiri ni ile siku ya kusimama na maiki, wasijue kuna miaka ya kupanda ngazi za mahakama na faili kwapani huku wenzio waliokuunga mkono wamechoka ama wamekufa.

Sasa kasoro, na ziko, wasidhani nimesahau.

Saa tatu yao ni saa nne unusu. Feni ni moja na yaangalia jukwaa, sisi wa nyuma twajipepea na karatasi za bajeti. Chai iko ya kutosha, mahamri yafika baridi, mbaazi sikuona, na kwa Majengo hiyo ni aibu. Hakuna pa kuweka watoto, kwa hivyo akina mama wenye wachanga waja mara moja hawarudi, alafu mwasema wanawake hawashiriki.

Makaratasi ya kusomea ni Kiingereza, isipokua ile ya tarehe. Watufundisha kudai habari kwa Kiswahili kwa kutumia kitabu cha Kiingereza! Binti wakili atafsiri kwa mdomo anavoenda, vizuri sana, lakini ukifika nyumbani una karatasi usiyoweza kumsomea jirani. Bibi wa Likoni aliuliza hizi pesa ni zetu ama ni za Waingereza, na mpaka leo sijasikia jibu.

Waandalizi watupiga picha bila kuuliza. Kuna akina mama wawili walitoka siku ya pili na sikuwaona tena, mmoja aniambia afanya kibarua cha usafi kwa kontrakta wa kaunti na ile picha ikionekana ashapoteza kazi. Na Jumamosi ya tatu akaja bwana mmoja na katoni ya fulana, ati "kusalimia", akapewa maiki na salamu zikafika nusu saa, kila mtu alijua ni uchaguzi wa 2027 huo umeingia mlangoni. Mzee alikua amekasirika waziwazi, lakini waandalizi wengine walipiga makofi. Jamani. Mtu akituomba kura atukute kwenye uwanja wa kampeni, si darasani kwetu tulikolipa.

Lakini kasoro kubwa ni hii, na ndo imewanyima nyota. Sisi watu wa Mombasa maiki hatuiogopi. Mtu anayeweza kubishana Mwembe Tayari juu ya bei ya nyanya, ama kwenye baraza la kahawa akavunja serikali nzima kabla kikombe hakijapoa, huyo hahitaji kufundishwa kupaza sauti. Tunachoogopa ni kesho yake asubuhi. Fomu ya basari (msaada wa karo) ya mtoto itapitia mkononi mwa nani, kibanda kiko barabarani kwa hisani ya nani, jina kwenye orodha ya chakula cha msaada laandikwa na nani, kijana amalizaye chuo atampelekea nani karatasi zake. Huyo huyo uliyemsimamisha jana. Mama wa Changamwe aliliuliza hili wazi wazi na binti wakili akamjibu kwa vifungu, haki ya kujieleza kifungu cha 33, hakuna anayeruhusiwa kukunyima huduma kwa sababu umeuliza, na yote ni kweli, mama akamsikiza mpaka mwisho akasema, "Sheria ni nzuri mwanangu, lakini hailipi karo." Na darasa likaendelea na slaidi inayofuata.

Hapo ndo pangehitaji Jumamosi nzima. Nini cha kufanya ukitishwa, nani wa kumpigia, vipi uandike kitisho na tarehe yake, vipi watu kumi wasaini badala ya mmoja ili wasijue wa kumkatia basari ni nani. Hilo la mwisho tulilibuni wenyewe kwenye gruupu ya WhatsApp, barua zetu sasa zaenda kwa jina la chama na saini zote zimezungushwa duara, hakuna wa kwanza. Mimi baada ya kikao nilipitiwa dukani na kijana nisiyemjua, akauliza bei ya kanzu, akauliza na mimi ni wa chama gani cha siasa. Nilimwambia cha kushona. Hakuagiza kanzu. Nilipoliandika kwenye gruupu jioni, watatu walikuja kukaa dukani kesho yake wakiwa na kazi zao za mkono, hawakuombwa. Hiyo huduma haimo kwenye mia tano, waandalizi hawakuiahidi na hawakuitoa, ilitoka kwa watu niliokaa nao kwenye joto lile, lakini bila mafunzo nisingewajua, kwa hivyo sijui niwape pointi ama nisiwape. Nimewapa nusu.

Jumla nyota tatu na nusu kwa tano. Wangeondoa bwana fulana na kutafsiri makaratasi ningewapa nne leo leo.

Kama wataka kugombea, usiende, utawachosha wenzio. Kama una jambo moja la mtaani kwako, taa, choo cha soko, zahanati, mtaro, nenda, na uende na jirani, si peke yako, na uende na hilo jambo likiwa limeandikwa kwenye karatasi. Cheti wanachotoa mwisho ni cha rangi na hakina kazi. Awamu ijayo wasema wataanza Agosti, na nimewaambia wasichelewe maana 1 Septemba haiwangojei. Beba maji yako, beba cha kujipepea, kaa upande wa dirisha, na wa Likoni vukeni na feri ya mapema, hiyo saa nne unusu yao siku moja wataianza saa tatu kweli.